Asante ya Nini?

Mtu akikufungia mlango wa kwenu miaka na miaka, kisha siku moja aufungue, unamwambia nini? Asante?

Swali hili linanijia kila nikisoma habari za Chithira Thirunal Balarama Varma, mfalme wa mwisho wa Travancore, kusini kabisa mwa India. Alizaliwa 1912, akarithi kiti akiwa mtoto, akaanza kutawala mwenyewe 1931. Tarehe 12 Novemba 1936, akiwa na miaka 24, alitangaza kwamba Mhindu yeyote, hata wa tabaka la chini kabisa, asizuiwe kuingia katika mahekalu yaliyo chini ya serikali yake. Hilo ndilo anakumbukwa nalo hadi leo.

Sawa. Lakini hebu turudi nyuma. Mwaka 1924 watu wa matabaka ya chini hawakuruhusiwa hata kupita kwenye barabara za kando ya hekalu la Vaikom. Si kuingia, ni kupita tu! Wakaenda kwenye vizuizi siku baada ya siku. Waliokuwa mbele wakikamatwa, wengine wanachukua nafasi zao. Ikawa hivyo karibu miezi 20, na bado barabara ya mashariki haikufunguliwa. Baadaye viongozi wa Waezhava wakasema waziwazi: dini isiyotutaka tutaihama. Mfalme alipotia sahihi, mlango ulikuwa umeshasukumwa sana.

Je, asisifiwe? Mgala muue na haki umpe. Ufalme jirani wa Cochin ulichelewa zaidi ya miaka 10 kufanya alichofanya yeye. Angeweza kukataa, na hakukataa.

Ila zawadi ni kutoa kilicho chako. Na tangu 1750 wafalme wa Travancore walijiita watumishi wa mungu Padmanabha, nchi nzima ikihesabiwa kuwa mali ya mungu huyo. Sasa mtumishi atawapaje watu nyumba ya bwana wake? Alichofanya ni kutoka mlangoni.

Bosi akikulipa mshahara aliokalia miezi mitatu, pokea kwa heshima. Mwambie amefanya vyema, kwa sababu kuna wanaokataa kabisa. Lakini usipige magoti. Asante kubwa iwaendee waliosimama mbele ya vizuizi vya Vaikom, ambao wengi wao hatuyajui hata majina yao.