Deni la Kabla ya Kuzaliwa

Wahenga walisema: mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini malezi huanza lini?

Mwishoni mwa mwaka 1944, majeshi ya Ujerumani yalikuwa yamezuia shehena za chakula kuingia magharibi ya Uholanzi, kisha baridi ikagandisha mifereji. Mjini Amsterdam mgao wa mtu ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Njaa hiyo ilikoma nchi ilipokombolewa, Mei 1945.

Waliokuwa matumboni walizaliwa, wakakua, wakashiba. Walipochunguzwa utu uzimani, miili yao ilionekana kuwa dhaifu katika kuidhibiti sukari. Waliofikwa na njaa miezi ya mwanzo ya mimba walizaliwa na uzito wa kawaida, lakini maradhi ya moyo yaliwaandama kuliko wenzao. Viungo vilivyoumbika kwa uhaba vilikutana na shibe visiyoitarajia.

Je, alaumiwe mama? Mama hakuficha chakula, alinyimwa. Basi ulezi wa mimba si mzigo wa mwenye mimba peke yake, bali ni amana ya mume, jirani na mtawala. Amnyimaye mja mzito tonge huwanyima wawili, na wa pili hulipa, miaka 50 baadaye, deni asilolikopa.