Mbolea ya Ruzuku Haileti Mvua

Ndugu mkulima wa Dodoma, weka jembe chini kidogo unisikilize! Msimu haumngoji mtu, na wewe unangoja nini?

Unajua. Nani hajui? Unajua mvua ya kwanza ya Desemba ni tapeli: inanyesha leo, inakushawishi upande, kisha inatoweka. Unajua mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele hayana msamaha. Unajua mtama na uwele husimama pale mahindi yanapokauka. Babu yako alijua, baba yako alijua, wewe unajua, na bado kila msimu shamba lote unatia mahindi!

“Lakini serikali imetoa ruzuku.” Ndiyo, imetoa! Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, kule Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea, mwaka ambao bei ilipaa dunia nzima na vita ya Ukraine ikazidi kuipandisha. Ukajiandikisha, ukapata namba, ukaenda kwa wakala ukabeba mfuko wako wa kilo 50 kwa bei nafuu. Shukuru! Mimi sibezi ruzuku hata kidogo.

Ila sikia! Ruzuku imepunguza bei ya mfuko, haikupunguza ukali wa jua. Ukame ukija, punguzo hilo halitakulipa mbegu, halitakulipa kibarua, halitalipa deni la kikoba. Punguzo si bima. Acha kujidanganya!

Na bima ipo! Kodi ya ongezeko la thamani kwenye bima ya mazao iliondolewa mwaka 2020. Mwaka 2023 kampuni za bima zikaungana kubeba bima ya kilimo kwa pamoja. Wewe unasema, “Nitauliza msimu ujao.” Msimu uliopita ulisemaje? Ulisema hayo hayo! Bima hukatwa kabla ya mvua, kabla ya ukame, kabla ya kilio. Nani atakukatia bima ya nyumba ambayo tayari inawaka?

Nenda, lakini nenda macho wazi. Bima nyingine hazimtumi mtu kukagua shamba lako. Hutazama kipimo cha mvua au picha za setilaiti za eneo zima. Kipimo kikisema eneo limepata mvua, na wingu lilikuruka wewe peke yako, hulipwi hata senti. Uliza kabla hujatia dole gumba! Uliza wanapima nini, uliza wanaanza kulipa ukame ukifikia wapi, uliza fedha zinatoka lini. Muulize afisa ugani. Ana kata nzima mgongoni, kwa hiyo mfuate wewe; usikae barazani kumlaumu kwamba hakukufuata.

Unadhani ukivuna umepona? Mwaka 2016, hapa hapa Dodoma na jirani zetu wa Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu. Si njaa iliyowaua, ni mahindi yaliyokuwa ndani ya nyumba! Basi chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia punje zako, tia chumvi kavu, tikisa, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yako bado yana maji: yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo! Na hata isipoganda usilale, maana kipimo hicho kinakamata unyevu wa asilimia 15 hivi, na kiwango cha soko ni 13.5. Anika tena. Hifadhi kwenye mfuko usiopitisha hewa. Usiuze yote siku ya mavuno kwa bei ya kutupa, halafu Februari ukanunue debe kwa yule yule uliyemuuzia!

Rudi nyuma sasa, wakati mbegu bado iko ghalani! Gawa shamba: mtama huku, uwele kule, mahindi bondeni penye unyevu. Hakikisha taarifa zako za usajili, ekari zako, namba yako ya simu. Ulizia bima kabla wingu halijafunga.

Usiniambie kesho. Ofisi ya kijiji iko wazi leo. Nenda!