Dhamana ni ya Nani?

Kazi ikitendwa na watu wengi, dhamana ni ya nani: aliyeiamuru, au aliyeitenda? Tutazame kazi ya mafundi katika maabara za mbu.

Mwaka 2018 wataalamu wa Imperial College, London, walitangaza kwamba waliwachanganya vizimbani mbu waliobadilishwa chembe za urithi na mbu wa kawaida. Katika vizazi 7 hadi 11 mbu wote wakatoweka. Kazi kama hiyo husimama juu ya mafundi: wanaolisha viluwiluwi, wanaohesabu mayai, wanaotenga madume na majike.

Je, ni halali kufuta kiumbe? Malaria inatuulia watoto. Tena mbu akiisha kuachiwa harudishwi. Hayo ni ya wakubwa kuyapima, kama serikali ya Burkina Faso ilivyosimamisha mradi wa mbu waliobadilishwa mwaka 2025.

Lakini watapima kwa hesabu ya nani? Ya fundi. Akichoka akaandika mayai 200 bila kuhesabu, uongo wake utapanda mpaka meza ya waziri. Hawezi kujitetea kwamba alitumwa, maana hakutumwa kubuni. Ndivyo alivyo na mwalimu atoaye alama bila kusoma daftari.

Dhamana si mkate, hata watu wakizidi kila mmoja apate kipande kidogo. Kila mtu huibeba ya kwake nzima.

Basi mzazi mwenye mtoto katika kazi hiyo asimwulize habari za mshahara tu. Amwulize pia: “Jana uliandika ulichokiona?”