Fuga Maji Kwanza

Mjukuu wangu, nasikia unamtaka aksolotli. Sikukatazi, ila kabla hujatoa senti, nisikilize.

Asili yake ni Xochimilco, kwenye jiji la Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Ni salamanda anayezeeka na utoto wake: haachi maji, na matamvua yake hubaki yamechanua kichwani. Anapenda maji ya nyuzi 16 hadi 18. Yakipita 24, anaumwa. Sasa pima maji ya bomba hapa Tanga mchana! Barafu utakayotia asubuhi haifiki adhuhuri. Bila mashine ya kupoza maji, na umeme wa kuiendesha, ngoja kwanza. Wa Lushoto, kule milimani kwenye baridi, wana nafuu.

Ukishapata ubaridi, usikimbilie kumnunua. Nunua tangi la lita 75 au zaidi na chujio, uondoe klorini, kisha uliache likiendeshwa na chujio bila mnyama huku ukitia amonia kidogo kidogo. Uchafu wa aksolotli hutoa amonia, nayo ni sumu kwake. Bakteria huigeuza nitriti, nayo ni sumu vilevile. Bakteria wengine huigeuza nitrati, ambayo utaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Hao bakteria huchukua wiki nne hadi nane kustawi. Ni kama unga wa maandazi uliotiwa hamira, kuukodolea macho hakuuharakishi. Vipimo vikionyesha amonia na nitriti zimefika sifuri, hapo ndipo umkaribishe mgeni. Wengi humleta siku ileile ya tangi, kisha hulaumu duka.

Usitandike kokoto. Yeye hufyonza chakula pamoja na kilicho karibu, na kokoto humziba tumbo. Mlishe nyungunyungu, usimchanganye na samaki, na taa kali umwepushe nayo, maana hana kope. Mguu ukikatika huota upya, lakini usiifanye hiyo ruhusa ya kumshikashika.

Kwao porini karibu atoweke: mwaka 1998 walikadiriwa 6,000 kwa kilomita ya mraba, 2014 wakawa 36 hivi. Biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES, basi dai karatasi za aliyezaliwa tangini.

Tena huishi miaka 10 hadi 15. Zungumza na mama yako leo, maana ukienda chuo, nyungunyungu atawachimba nani?