Picha za Nyimbo na Ushahidi wa Kweli

Uwongo wahitaji watu wawili: mwenye kuusema na mwenye kutakiwa kuusadiki. Mahali ambapo msemaji hakuapa, wala msikilizaji hakudai kiapo, hapana uwongo, pana mchezo. Jambo hili ni wazi jukwaani, kwa kuwa mwigizaji aliyeuawa huinuka mwishoni akawainamia watazamaji. Lakini video za muziki wa hip-hop hazina pazia. Hali kadhalika zile za graimu, muziki wa vijana uliochipuka mashariki ya London mwanzoni mwa karne hii. Mwimbaji husimama katika mtaa wake mwenyewe, na walio nyuma yake ni rafiki zake kwelikweli. Je, alionyeshalo ni tamko au ni mchezo? Swali hili si la kupitishia wakati, maana limekwisha kuingia mahakamani, na jawabu lake laweza kumpokonya mtu uhuru.

Yafaa kwanza kuitazama kamera, kwa sababu ndiyo mwimbaji wa pili katika kila wimbo wa namna hii. Huwekwa chini, karibu na goti, ikatazama juu. Mtu wa kimo cha kawaida akawa mnara. Pengine hutiwa lenzi pana ipindayo kingo za picha. Mwaka 1997 Hype Williams aliitumia lenzi hiyo katika wimbo wa Missy Elliott uitwao "The Rain (Supa Dupa Fly)". Mwimbaji amevaa vazi jeusi lililojazwa hewa. Uso ukisogea mbele wakua, na chumba kilicho nyuma chajikunja kama kilichomo ndani ya tone la maji. Hapana aliyedhani kuwa mwanamke yule ana umbo lile. Uwongo wa picha ulikuwa dhahiri hata ukawa uaminifu.

Graimu haikuwa na fedha za anasa hiyo. Kituo cha televisheni cha Channel U, kilichoanza mwaka 2003 huko Uingereza, kilipokea kazi za vijana zilizopigwa kwa kamera ndogo za mkononi, chini ya taa za barabarani, katika nyua za nyumba za ghorofa. Picha ilitetemeka kwa kuwa aliyeishika kamera hakuwa na kitu cha kuiegemeza. Mwimbaji aliisogelea lenzi akaisemesha kana kwamba ni hasimu wake. Nyuma yake kundi lilijazana kwa sababu watu ndilo pambo pekee lililopatikana bure. Ukosefu ulirudiwa mara nyingi hata ukawa ada. Mwaka 2014 Skepta na nduguye JME walitoa "That's Not Me", ambayo video yake ilisemwa kugharimu pauni 80 tu, na mwaka huohuo ikapata tuzo ya MOBO ya video bora. Ilifuata kwa makusudi sura ya kanda za miaka iliyotangulia. Hapo ufukara, uliokuwa hali, ulikwisha kuwa vazi. Picha hafifu haikuwa tena dalili ya mkono mtupu. Ilikuwa neno katika lugha, na maana ya neno hilo ni "haya ni kweli".

Basi huo ndio mtego. Kadiri picha inavyojitahidi kuonekana kuwa kweli, ndivyo inavyozidi kutii ada. Na asiyeijua ada huipokea kama ungamo. Mwaka 2018, kwa ombi la polisi wa London, mtandao wa YouTube uliondoa zaidi ya video 30, nyingi zikiwa za drili, muziki uliotoka Chicago na kupata makao mapya London ya kusini. Katika kesi za Uingereza waendesha mashtaka wameonyesha video za namna hii ili kuthibitisha kwamba mshtakiwa ni wa genge fulani, hata pale ambapo mshtakiwa hakuimba neno.

Kijana huyo asiyeimba astahili kufikiriwa zaidi kuliko mwimbaji. Amesimama pale kwa sababu ada yadai kundi. Mwimbaji asiye na watu nyuma yake huonekana mtu aliyeachwa. Huenda aliitwa jioni ileile, akaja kwa ujirani. Kunyosha kwake mkono mbele ya lenzi ni kama kuitikia kibwagizo, na katika ngoma zetu waitikiaji hawaulizwi kama wanayasadiki maneno ya manju. Wala wasomaji wa malumbano ya washairi wa Mombasa hawachukui kila tishio kuwa jeraha.

Walakini si haki kuwasafisha wote. Zimo nyimbo zinazowakejeli watu waliouawa kweli, na mama wa marehemu hawezi kuambiwa kwamba hiyo ni ada ya sanaa tu. Aliyepata watazamaji kwa sababu walimsadiki hana uso wa kudai baadaye kwamba yote yalikuwa mchezo. Lakini aibu ni kitu kimoja, na hatia ni kingine. Mwaka 2022 jimbo la California lilitunga sheria inayomtaka hakimu kupima kwanza kabla ya kazi ya sanaa kutumiwa dhidi ya mshtakiwa. Kipimo cha haki chapaswa kuwa kigumu: je, mna ndani ya wimbo au picha jambo ambalo asingelijua ila mtendaji, kama saa, mahali, au namna ya jeraha? Likikosekana, kilichobaki ni kamera iliyowekwa chini na mkono uliosogezwa karibu na lenzi.

Aghalabu kijana wa nyuma huonekana kwa muda wa pumzi mbili. Lenzi imemlenga mwimbaji, na uso wa kijana umefifia. Mahakamani picha yaweza kusimamishwa papo hapo, ikakuzwa, na baraza likaambiwa limtazame yeye.