Santuri ya Siku Moja

Somo: 1 Mambo ya Nyakati 25:1-8



Tarehe 11 Februari 1963, mwaka ule ule ilipoanzishwa Dayosisi yetu ya Victoria Nyanza, vijana wanne wa Liverpool walioitwa The Beatles waliingia studio ya EMI huko Abbey Road, London. Waliingia asubuhi, kufikia usiku walikuwa wamerekodi nyimbo kumi. Zikaongezwa nne walizokwisha kuzitoa, ikapatikana santuri yao ya kwanza, Please Please Me. John Lennon alikuwa na mafua. Wimbo wa kuumiza koo zaidi uliachwa mpaka mwisho, akauimba sauti ikiwa karibu kumkauka.

Je, ilikuwa kazi ya siku moja? La! Tangu mwaka 1960 walikuwa wakipiga muziki saa nyingi, usiku baada ya usiku, katika vilabu vya Hamburg, Ujerumani, kabla dunia haijawajua. Siku ya studio haikuwapa ustadi. Iliudhihirisha tu.

Hatuwasifu kwa imani yao. Lennon mwenyewe alisema mwaka 1966 kwamba kundi lao lilikuwa mashuhuri kuliko Yesu. Lakini Bwana wetu alitufundisha hata kwa habari ya wakili dhalimu (Luka 16:1-8), maana watu wa dunia hii mara nyingi hutuzidi kwa busara. Ikiwa wao walijitaabisha hivyo kwa ajili ya nyimbo za mapenzi, sisi tunamwandalia Mungu nini?

Daudi aliweka waimbaji 288 kwa ibada ya Bwana, na wote walikuwa wamefundishwa. Zamu zao zilipangwa kwa kura, mkubwa kwa mdogo, mwalimu kwa mwanafunzi. Hakuna aliyepewa nafasi kwa kujisifu.

Siku hizi kwaya nyingi hapa Mwanza zinatamani kurekodi. Ni nia njema. Lakini tukija watano mazoezini, kisha thelathini siku ya studio, tukigombea kipaza sauti, tutarekodi nini ila uvivu wetu?

Wavuvi wetu wa dagaa wanalijua jambo hili. Mbalamwezi ikiwaka, taa zao hazina nguvu ya kuvuta dagaa. Ndipo hukaa ufukoni wakishona nyavu. Giza likirudi, aliyeacha wavu wake umetoboka atamlaumu nani?

Wala neno hili si la kwaya peke yake. Iko siku ya msiba, iko siku ya kulala kitanda cha hospitali, iko siku ya kujaribiwa kwa fedha ofisini. Siku hiyo haitatupa imani. Itadhihirisha tu ile tuliyoilea kwa sala za nyumbani, pasipo mtu kutuona. Wapendwa, leo bado kuna mbalamwezi. Tushone nyavu.

Ee Bwana, utufundishe kukutumikia sirini, ili siku ya kujaribiwa tusikose sauti ya kukusifu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.