Mwili Wangu, Mali ya Nani?

Hebu tujiulize swali moja ambalo sisi tunaoganga njaa viwandani na maofisini tunalikwepa. Mwajiri akikuuliza unalala saa ngapi, unakula nini, unavuta sigara ngapi kwa siku, je, anakujali, au anakagua mali yake?

Usicheke. Mambo haya siku hizi yamekuwa mengi. Kuna siku ya afya kazini, kuna fulana za bure, kuna mazoezi ya viungo alfajiri, kuna na bango ukutani linalosema afya ni mtaji. Mtaji wa nani? Bango halisemi.

Mimi nafanya kazi katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam. Jina lake naliacha, maana bado nakula huko. Tunapaki vyombo vya plastiki. Joto la mashine ukilichanganya na joto la Februari, we acha tu! Kwenda msalani unaomba ruhusa kwa msimamizi, na akina dada wamejizoeza kutokunywa maji ili wasiombe mara nyingi. Basi siku ya afya ilipofika likafungwa hema uwanjani, wakaja wauguzi na mizani, vipimo vya sukari na vya presha, na bwana mmoja mwenye kipaza sauti akatuhimiza tunywe maji kwa wingi. Tulitazamana tu. Hema lenyewe, kusema kweli, lilikuwa na upepo mzuri kuliko ndani tunakoshinda.

Nilipolalamika, mshikaji wangu mmoja wa zamu ya usiku alinijibu hivi: “Bwana wee, dawa ya presha haiulizi nia ya aliyeinunua. Anayekudai akikukuta unazama, akakuvuta ufukweni ili umlipe, si umeokoka?”

Neno hili lilinikaa kichwani siku nyingi, kwa sababu lina ukweli. Kuna watu pale waligundua siku ile kwamba wana sukari, na wakaanza kutibiwa. Mimi na maneno yangu makali sikumpima hata mmoja. Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, aliandika mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Ni maneno mazuri sana, lakini mgonjwa aliyepata dawa hana haja ya kumsubiri Kant.

Hata hivyo mfano wa mshikaji una tundu. Anayekuvuta kwa ajili ya deni atakuvuta pale tu deni linapozidi gharama ya kulowana. Likiwa dogo, anageuka anakwenda zake. Ndiyo maana nia si jambo la wanafalsafa peke yao. Nia ndiyo inayoamua huduma itaishia wapi, na itamwacha nani.

Tazama ya Marekani. Mwaka 1914 Henry Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku katika kiwanda chake cha magari, karibu mara mbili ya uliokuwepo. Dunia ikashangilia. Lakini fedha ile ilikuja na masharti, na kampuni ikaunda idara nzima ya kuyasimamia. Wakaguzi wake walipiga hodi nyumbani kwa wafanyakazi kuona kama nyumba ni safi, kama baba hanywi pombe kupita kiasi, kama wanaweka akiba. Asiyefaulu hakupata fungu lote. Hebu fikiria afisa utumishi yuko mlangoni kwako Tandale, anafunua sufuria!

Sasa mlinganishe huyo na mzee mwingine, Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia. Mwaka 1700 alitoa kitabu kizima juu ya magonjwa ya watu wa kazi, akawataka madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Ford alikwenda nyumbani kwa mfanyakazi kutafuta kasoro ya mfanyakazi. Ramazzini aliingia kazini kutafuta kasoro ya kazi. Siku zetu hizi za afya, kwa maoni yangu, nyingi zinamfuata Ford.

Kwetu alikuwepo dada mmoja mtu mzima, wa idara ya kupaki, ambaye sote tulimwita Shangazi. Alikuwa anafanya zamu ya saa 12, siku 6 kwa wiki. Hesabu mwenyewe: ni saa 72. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Pale hemani Shangazi akakutwa na presha ya juu. Muuguzi, mtu mpole kabisa, akamwuliza kuhusu chumvi, kuhusu mafuta ya kupikia, akamshauri apunguze mawazo. Kuhusu saa hakumwuliza kitu. Na huku Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walishatoa makadirio mwaka 2021 kwamba watu wapatao 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki.

Karatasi yake ya majibu haikwenda mkononi mwake peke yake. Nakala ilibaki kwenye faili la utumishi, kama zetu sote. Mkataba wake ulipoisha haukuongezwa. Sisemi ni kwa sababu ya presha. Hakuna aliyesema hivyo, na mikataba ya wengine huisha pia. Ninachosema ni kwamba Shangazi mwenyewe hatajua, na kutojua huko ni mzigo wa pili juu ya ugonjwa. Kwa virusi vya Ukimwi, sheria ya 2008 inakataza mtu kulazimishwa kupima, na majibu ni siri yake. Kwa nini presha iwe ya kuanikwa?

Wengine watanijibu kwamba sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ipo tangu 2003, kwamba mgonjwa ana siku 63 za likizo yenye mshahara kamili. Kweli, lakini kwa kawaida aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana haki ya likizo hiyo. Waulize madeiwaka wanaopakia magari nje ya geti letu. Hao hata hemani hawakuitwa.

Tumetangaziwa kuwa hema linarudi mwezi ujao. Wachache wetu tumekubaliana kwamba kabla ya kunyoosha mkono tutauliza mambo mawili: karatasi itakaa kwa nani, na kama muuguzi ataruhusiwa kuingia ndani kwenye mashine akae nasi japo saa moja. Mshikaji wa zamu ya usiku anasema yeye atanyoosha mkono kwanza, maswali baadaye. Bado tunabishana.